Mkeka wa mpira au wa sponji: mambo ya kujua kabla ya kumnunulia ng'ombe godoro

Ng'ombe wa maziwa aliye na mahali pazuri pa kulala hulala kiasi cha saa 12 kwa siku, ukijumlisha mchana na usiku. Akiwa chini anacheua, anapumzisha kwato, na damu inayopita kwenye kiwele huongezeka kwa karibu robo kuliko akiwa amesimama. Akikosa mahali hapo, husimama tu. Utamkuta usiku wa manane miguu ya mbele iko kitandani na ya nyuma iko kwenye njia ya kinyesi, na baada ya muda mwenye ng'ombe anashangaa kwa nini mnyama anachechemea.

Kwa ng'ombe anayelishwa bandani mwaka mzima, kama ilivyo kawaida kwa wafugaji wengi wa Kiambu, Murang'a, Meru, Kilimanjaro au Rungwe, kitanda hicho ndicho pekee alicho nacho. Hawezi kwenda kutafuta nyasi laini chini ya mti. Mahali ulipomjengea ndipo atakapolala, pawe pazuri au pabaya.

Siku hizi maduka ya pembejeo na dawa za mifugo yanauza mikeka ya kulalia, ambayo wafugaji wengi huiita magodoro ya ng'ombe. Kuna ya mpira mweusi, mizito, na kuna ya sponji, myepesi. Kwa mwenye ng'ombe wawili au watatu, bei yake ni pesa ambayo ingeweza kulipa karo. Ndiyo maana tunaulizwa kila mara: nichukue ipi? Tutafika huko, lakini tunaanza na kilicho chini ya mkeka, kwa sababu huko ndiko fedha nyingi hupotelea.

Sakafu kwanza

Mkeka haurekebishi sakafu mbovu. Unaificha. Ng'ombe mmoja wa maziwa hutoa zaidi ya kilo 20 za kinyesi na lita 10 au zaidi za mkojo kwa siku. Ukitandika mkeka juu ya udongo, mnyama mwenye kilo 400 au 500 atakanyaga na kuangukia mahali palepale kila siku. Udongo unabonyea, mkojo unapenya pembeni, na baada ya wiki chache juu panaonekana pasafi huku chini kuna uji mweusi unaonuka. Pembe za mkeka hujikunja, ng'ombe hujikwaa, na vijidudu vinavyoleta ugonjwa wa kiwele vimepata mahali penye joto na unyevu pa kuzaliana.

Sakafu inayofaa ni ya zege, yenye mteremko mdogo kutoka kichwani kwenda mkiani. Kwa kilalio cha urefu wa futi 7, upande wa nyuma uwe chini kwa inchi 2 hadi 3. Mteremko huo unatosha mkojo kutoka, na ng'ombe hateleziki kurudi nyuma. Ukingo wa nyuma uinuke kiasi cha sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye njia ya kinyesi, ili unaposukuma samadi isirudi kitandani.

Kama huna fedha za kumimina zege banda zima, mimina mahali pa kulalia tu na uache njia kwa mwaka ujao. Na kama hata hilo haliwezekani kwa sasa, ushauri wetu ni kuacha mkeka dukani. Shindilia moramu, inua mahali pa kulalia juu kuliko njia, kisha tandika nyasi kavu au maranda kwa wingi na kubadilisha kila yanapolowa. Ng'ombe aliyelala juu ya nyasi kavu nene yuko pazuri kuliko aliye juu ya godoro la bei lililoelea kwenye mkojo.

Kipimo cha kilalio nacho ni muhimu. Ng'ombe mkubwa wa aina ya Friesian huhitaji upana wa kama futi 4 na urefu wa futi 7 hadi 8. Jersey anatosheka na pungufu kidogo. Mwangalie anavyoinuka: hutanguliza makalio, na ili ayainue hana budi kurusha kichwa mbele. Akiwa anakabiliana na ukuta au ubao uliokaribia pua, kuinuka kunakuwa mateso, na mnyama anayeogopa kuinuka huchelewa kulala. Mfugaji wa namna hiyo akinunua mkeka ataona ng'ombe bado anasimama, na atasema mkeka ni wizi, kumbe ni ubao wa mbele uliopaswa kusogezwa.

Mpira

Mkeka wa mpira unaouzwa sana una ukubwa wa kama futi 6 kwa 4 na unene wa milimita 17 hadi 20. Juu una vinundu au mikwaruzo ya kuzuia kuteleza, na chini mara nyingi una mifereji au vidoleti vinavyoupa mnepo kidogo. Wengine hutandika upande huo wa chini ukiwa juu kwa kudhani ndio wenye mshiko zaidi. Matokeo yake ni mifereji iliyojaa kinyesi na kitanda kisichosafishika.

Sifa kubwa ya mpira ni uzito na ugumu wake. Mkeka wa ukubwa huo, ukiwa mpira mtupu wenye unene wa milimita 18, unakaribia kilo 45 hadi 50. Ni mzigo wa watu wawili. Uzito huo ndio unaoufanya utulie mahali pake, na ni kipimo kizuri dukani pia. Ukiambiwa ni mpira imara wa unene huo halafu unauinua kwa mkono mmoja, muulize muuzaji kilichomo ndani.

Mpira hautoboki kirahisi kwa kwato, haunywi mkojo, na hauharibiki kwa kusuguliwa kwa ufagio mgumu kila siku. Udhaifu wake ni kwamba si laini kama watu wanavyofikiri. Ukilinganisha na zege tupu ni nafuu kubwa, lakini bado ni kitu kigumu. Ng'ombe anapolala hupiga magoti ya mbele kwanza, na sehemu ya mwisho ya safari hiyo, kama sentimita 20 hadi 30, huangusha uzito wake mwingi juu ya magoti hayo. Mpira wa milimita 17 hupunguza kishindo tu.

Mikeka mingi hutengenezwa kwa matairi yaliyosagwa na kugandishwa upya. Hilo si kosa, ila ubora hutofautiana sana. Kunja pembe ya mkeka kwa nguvu: mpira mzuri hurudi ulivyokuwa, mbovu huonyesha nyufa. Ukwaruze kwa kucha au kwa ufunguo kwenye ukingo. Ukiona unadondosha chembe chembe kama mkate mkavu, ng'ombe ataumaliza kabla ya misimu miwili ya mvua.

Tunaulizwa pia kuhusu matairi mazima yaliyopasuliwa na kunyooshwa. Hapo tunasema hapana bila kusita. Ndani ya tairi kuna nyaya nyembamba za chuma. Tairi likichakaa nyaya hutokeza, zikachoma kiwele au zikakatika na kuingia kwenye malisho. Ng'ombe hachagui anachomeza kama mbuzi. Waya ukifika tumboni unaweza kutoboa ukuta wa tumbo na kuelekea kwenye moyo. Mikanda mikuukuu ya mitambo ya viwandani na machimboni, ambayo nayo huuzwa kama mikeka ya bei nafuu, ina nafuu kidogo tu. Mingine ina nyuzi za chuma, na karibu yote huteleza ikilowa.

Sponji ziko mbili, na ziko mbali kabisa

Neno sponji linawachanganya watu wengi, kwa sababu linataja vitu viwili tofauti.

Ya kwanza ni sponji ya godoro la nyumbani. Matundu yake yameunganika, hewa na maji hupita kutoka tundu moja hadi jingine. Ndiyo inayonyonya maji unapoosha vyombo. Tumeona mabanda ambako godoro la zamani la watoto limewekwa kwa ng'ombe kwa nia njema kabisa. Siku ya kwanza ng'ombe analifurahia. Kufikia siku ya nne limenyonya mkojo na maziwa yanayochuruzika, na hakuna namna ya kulisafisha. Hatujui njia ya haraka zaidi ya kumletea ng'ombe ugonjwa wa kiwele.

Ya pili ni sponji ngumu yenye matundu yaliyofungwa, kila tundu peke yake. Wataalamu huiita kwa herufi EVA. Unaijua tayari: ndala nyingi, au patapata kama wengine wanavyoziita, hutengenezwa kwa kitu hicho. Ndala haizami wala hailowi ndani, ndiyo maana mawimbi huziokota huku na huku na kuzitupa ufukweni. Mkeka wa EVA huwa na unene wa milimita 25 hadi 35, na wa ukubwa wa futi 6 kwa 4 una kilo 10 hivi, ikitegemea ulivyoshindiliwa. Mtu mmoja anaubeba, anautoa nje, anaufua na kuurudisha.

Mkeka huu ni laini kuliko mpira mtupu na una joto zaidi. Kwa mfugaji wa Nyandarua au miteremko ya juu ya Kilimanjaro, ambako zege la alfajiri ni baridi kama jiwe la mtoni, hilo si jambo dogo. Lakini wepesi wake ni udhaifu pia. Usipofungwa vizuri huteleza na ng'ombe, na kwato iliyokua ndefu na yenye ncha huurarua. Ng'ombe mzito akilala mahali pamoja kwa miaka, sponji hushindwa kurudi juu, ikabaki bonde lenye umbo la ng'ombe, na bonde hushika mkojo. Jua kali huufanya usinyae na kukakamaa, kwa hiyo haufai mahali pasipo na paa. Panya nao huupenda.

Kuna aina ya tatu, iliyochanganya: chini sponji au chembe za mpira, juu gamba la mpira au turubai nene lisilopitisha maji. Hilo ndilo hasa godoro. Likiwa zima, ni zuri kuliko yote mawili. Likitoboka, maji huingia yasitoke, na unarudi kwenye godoro la watoto. Ukilinunua, chunguza mishono na kingo kabla ya kutazama unene.

Jaribu kwa goti lako

Mwombe muuzaji aweke mkeka sakafuni, kisha usimame juu yake na ujiangushe kwa magoti. Usishuke polepole kama mtu anayesali, dondoka. Ukisita kufanya hivyo kwa kuogopa maumivu, umeshapata jibu, kwa sababu ng'ombe atafanya hivyo zaidi ya mara 10 kwa siku akiwa na uzito mara 6 au 7 ya wako. Jaribio hilohilo lifanye kwenye kitanda ulicho nacho sasa nyumbani, ukiwa umevaa suruali kavu. Kaa kwa magoti ukihesabu hadi kumi. Ukiinuka magoti yamelowa, shida yako ya kwanza ni unyevu, na itabidi uitatue hata ukinunua mkeka.

Kwa mkeka wa sponji, omba kipande kidogo kilichokatwa pembeni. Kizamishe kwenye ndoo ya maji kwa jiwe juu yake, kilale humo usiku kucha. Asubuhi kikate katikati. Kikiwa kikavu ndani, ni cha matundu yaliyofungwa. Kikichuruzika, mrudishie mwenyewe. Muuzaji anayekataa kukupa kipande cha ukubwa wa kiganja anakwambia kitu fulani kuhusu bidhaa yake.

Sisi tungechagua hivi

Kwa ng'ombe wakubwa kwenye sakafu ya zege nzuri, na mfugaji anayetaka kitu kimoja cha miaka mingi, tunaelekea kwenye mpira, ukiwekewa matandiko juu. Hauna raha sana, lakini ni vigumu kuukosea. Sponji ya EVA tungeichagua kwa mahali penye baridi, kwa ng'ombe wa wastani kama Jersey, au kwa ng'ombe mgonjwa au anayekaribia kuzaa ambaye anahitaji ulaini kuliko uimara, mradi kuna mtu wa kuukagua kila wiki na kwato zinakatwa kwa wakati. Banda ambalo watu hawana muda wa kulitazama liwekewe mpira.

Kwenye eneo la joto kama Tanga au pwani ya Kenya, joto la sponji si faida. Huko hewa bandani na paa refu vina kazi kubwa kuliko mkeka wowote.

Na mchanga? Kwa ulaini, mchanga safi wenye kina cha sentimita 15 au zaidi huyashinda yote. Hujifinyanga kufuata mwili, haulishi vijidudu, na ng'ombe wanaoulalia huwa na vidonda vichache vya miguu. Tatizo ni kwamba huondoka na samadi kila siku na unatakiwa kujazwa tena. Mwenye mtambo wa biogesi aukwepe kabisa, kwa maana mchanga hutulia chini ya tangi na kula nafasi mwaka baada ya mwaka, na kuutoa ni kulifungua tangi zima. Hapo ndipo mkeka unapopata sababu nzuri: kinyesi hutoka kikiwa safi, kikaingia kwenye mtambo bila mchanga wala maranda mengi.

Hesabu kwa siku, siyo kwa bei ya duka

Tuchukue mfano wa hesabu tu, bei za eneo lako zitakuwa tofauti. Mkeka wa shilingi 9,000 za Kenya unaodumu miaka 6 unagharimu 1,500 kwa mwaka, yaani kama shilingi 4 kwa siku. Mkeka wa shilingi 5,000 unaochakaa baada ya miaka 2 unagharimu 2,500 kwa mwaka, karibu shilingi 7 kwa siku. Aliyenunua wa bei ya chini amelipa zaidi, na katika mwaka wa pili ng'ombe wake amelala kwenye vipande.

Kisha linganisha na unachotumia sasa kwa matandiko. Ukiwa unanunua maranda kwa gunia, mkeka utapunguza magunia. Ukiwa unapata majani makavu ya migomba au nyasi bure shambani na una mikono ya kuyakusanya, mkeka unaweza kusubiri. Fedha hizo zinaweza kwenda kwenye tangi la maji au kwenye zege.

Wauzaji wengine huahidi lita za maziwa zitakazoongezeka. Hatuwezi kuwaunga mkono. Ng'ombe anayepumzika vizuri hutumia vizuri chakula anachopewa, lakini kama chakula ni mabua makavu na maji ni ndoo mbili kwa siku, hakuna mkeka utakaozalisha maziwa. Faida iliyo wazi zaidi utaiona kwenye gharama zinazopungua: vidonda, kuchechemea, dawa za kiwele, na maziwa yanayomwagwa wakati wa dawa.

Mkeka hauondoi matandiko

Hapa ndipo wengi wanavunjika moyo. Wamenunua mkeka wakiamini kazi ya kutandika imekwisha. Ng'ombe anayelalia mpira au sponji tupu husugua ngozi ya kifundo cha mguu wa nyuma kila anapoinuka na kujisogeza. Kwanza manyoya hutoka, panabaki duara la ngozi tupu, kisha huvimba, kisha hutoka kidonda. Tabaka jembamba la maranda makavu, pumba za mpunga au nyasi zilizokatwakatwa hupunguza msuguano huo na kukausha uso wa mkeka. Kinachohitajika ni kidogo kuliko kwenye zege tupu, lakini kinahitajika kila siku.

Maranda yawe makavu kweli. Vumbi la mbao lililonyeshewa mvua nje ya karakana ni makazi ya vijidudu, na aina mojawapo inayoupenda sana unga wa mbao huleta ugonjwa mkali wa kiwele ambao dawa za kawaida huushindwa. Nyunyiza chokaa ya kilimo, ile ya mawe yaliyosagwa, kiganja kimoja au viwili upande wa nyuma ambako kiwele hukaa. Usiichanganye na chokaa ya kupaka nyumba, ambayo huchoma ngozi ya chuchu. Na kama samadi yako inaingia kwenye mtambo wa biogesi, nenda taratibu na chokaa na dawa za kuua vijidudu, kwa sababu vinavyotengeneza gesi navyo ni vijidudu.

Toa kinyesi kila unapokamua na kila unapopita. Maji mengi kitandani si usafi. Tumia reki na ufagio mgumu, maji uyaache kwa njia ya kinyesi. Baada ya kukamua, tundu la chuchu hubaki wazi kwa kama nusu saa, kwa hiyo mwekee ng'ombe malisho mapya wakati huo ili abaki amesimama kabla ya kurudi kulala.

Kufunga na kukagua

Tandika mkeka uanze palipo ubao au bomba la mbele hadi ukingo wa nyuma. Ukiwa mfupi, ng'ombe ataweka makalio na kiwele kwenye zege, yaani sehemu ileile uliyotaka kuilinda. Funga kwa boliti na washa pana upande wa kichwani, ambako kwato na kiwele havifiki, na vichwa vya boliti vizame ndani ya mpira. Acha nafasi ya kidole kati ya mkeka na mkeka, au kati ya mkeka na ukuta, kwa kuwa mpira hutanuka kwa joto. Wa sponji ufungwe pande zaidi ya moja, au uchague ule wa vipande vinavyoshikana kwa meno.

Kila baada ya miezi michache inua upande wa nyuma utazame chini. Pakiwa na unyevu kidogo, safisha, acha pakauke, rudisha. Pakiwa na uji kila mara, mteremko hautoshi na ni kazi ya fundi.

Farasi, punda na ndama

Mikeka ya aina hii huuzwa pia kwa wenye farasi, na anayetunza farasi kwenye mazizi ya Nairobi au Arusha ana swali lilelile lenye jibu tofauti kidogo. Farasi husinzia akiwa amesimama na hulala chini saa chache tu, kwa hiyo mkeka wake ni wa miguu kuliko wa ubavu. Hufunika chumba chote, ukuta hadi ukuta, kwa sababu yeye huzunguka na kukojoa popote. Farasi aliyepigwa viatu vya chuma huitafuna sponji kwa kwato, mwekee mpira. Asiye na viatu anaweza kuwekewa EVA.

Punda hahitaji godoro. Kwato zake huvuta maji haraka kuliko za farasi na huoza kwa unyevu, hivyo anachodai ni sakafu kavu iliyoinuka, nyasi kavu na paa lisilovuja. Ni gharama ndogo, na wengi wa punda wetu bado hawaipati.

Ndama hutafuna kila kinachofika mdomoni, na kipande cha sponji tumboni ni hatari. Kwao tandika nyasi kavu nene.

Siku za kwanza

Usishtuke ng'ombe akiukataa mkeka mpya. Harufu ya mpira ni ngeni na uso wake haujui. Wengine husimama usiku mzima wa kwanza. Mwagia juu yake matandiko aliyoyazoea, acha siku chache mkeka mpya upigwe na hewa kivulini kabla ya kuuweka bandani, na kama una ng'ombe wawili anza na kitanda cha aliye mtulivu.

Baada ya wiki mbili, nenda bandani saa mbili kabla ya kukamua jioni, bila kelele, uangalie ni wangapi wamelala. Kisha washike miguu ya nyuma ukiwa unakamua na upapase kifundo. Manyoya yakiwa yameanza kurudi palipokuwa wazi, endelea ulivyo. Yakiwa yanazidi kutoka, ongeza matandiko wiki hiyohiyo, na ukiona uvimbe au usaha mwite afisa mifugo wa eneo lako.